Mfua Shuka Juu ya Kahuzi

Vijana wa buanderi, nyumba yetu ya kufulia, mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Nawaambia mapema: kusahau nimekwisha kuanza. Habari za kupandishwa cheo sitaandika, kwa sababu nilipandishwa mara moja na hakuna aliyeona, hata mke wangu. Mshahara nao tuuache. Ulikuwa kama mgeni wa mbali: haji siku aliyosema, na akija hakai. Nitaandika juu ya maji, sabuni, watu wachache walionifundisha, na mlima mmoja ambao hadi leo ukitokea wazi asubuhi upande ule wa kijiji cha Miti, mimi nageuza kiti nitazame ziwa.

Mnijue kwanza. Toka kitanda changu hadi pipa la kwanza la kuchemshia ni hatua mia moja na nne. Nilizihesabu mwaka wa kwanza na sikuona sababu ya kuongeza. Wenzangu walikuwa wanashuka Kamanyola kununua mchele, wanarudi wakisema kule ni joto sana. Niliwaamini. Mtu akikuambia kule ni joto, kwenda kuhakikisha ni kumtukana.

Nilifika hospitalini hapa Bukavu miaka ile ya mwanzo ya Zaire, tulipokuwa tumekwisha kuacha majina ya ubatizo na kila mtu anaitwa sitwayen, yaani mwananchi. Nilikuwa na diplome yangu ya sekondari ndani ya bahasha, nikijua nitawekwa ofisini. Mkuu wa wafanyakazi aliisoma yote, akausifu mwandiko wake, kisha akaniuliza kama ninaogopa maji.

Mfuaji mkuu alikuwa Muzee Balola, mtu mrefu, mikono imepauka kwa sabuni hadi ilionekana ni ya mtu mwingine. Alinipa kapu la shuka za chumba cha kujifungulia, akaenda kunywa chai. Mimi, kwa akili ya diplome, nikawaza: uchafu mkubwa unataka moto mkubwa. Nikazitumbukiza zote ndani ya pipa linalochemka. Aliporudi, alizitoa kwa mwiko, moja moja, akazitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Weye mutoto," akasema, "nani alikuambia damu inapikwa?"

Damu inataka maji ya baridi kwanza. Ukiipeleka kwenye moto inashika uzi na haitoki tena mpaka Yesu arudi. Zile shuka kumi na mbili zilikaa na madoa ya kahawia miaka mingi, na kila nesi mpya alipouliza ni nini, aliambiwa ni diplome ya Mugaruka. Mugaruka ni mimi.

Muzee Balola alinifundisha mengine. Kukung'uta shuka kabla ya kuilowesha, kwa maana ndani yake unakuta vijiko, rozari, meno ya bandia, na siku moja kifaranga kizima. Kushona namba ya chumba kwa uzi mwekundu kwenye pembe, ili shuka isihamie nyumbani kwa mtu. Kutia buluu kidogo tu, si hadi mgonjwa aonekane amelala ndani ya mbingu. Na alinifundisha amido. Nyinyi mnaipata dukani ndani ya kikopo, sisi tuliipika. Unachukua unga wa muhogo uliotwangwa laini, unaukoroga uji mwepesi, unauchuja kwa kipande cha chandarua, unachovya nguo, unaianika, na kabla haijakauka sana unapiga pasi ya makaa. Nguo inasimama yenyewe. Vitambaa vya kichwa vya masista wetu vilisimama kama nyumba ndogo. Makoti ya madaktari yaliingia chumbani kabla ya madaktari. Na wakubwa wa mji walituma kwangu abakosti zao, yale makoti yasiyotaka kravati, yaani tai, ambayo kila mwanaume mwenye heshima alivaa wakati ule. Muzee Balola alipokwenda kupumzika kwao Kabare, katika Bukavu yote hakuna aliyenishinda kwa amido. Ndiyo majivuno pekee niliyokuwa nayo, na mtaona yalinifikisha wapi.

Sasa niwapeleke Nyumba ya Nyuma.

Ilikuwa nyumba ndefu ya vitanda vinane, nyuma ya hospitali, karibu na kamba zangu za kuanikia. Mule waliwekwa watu ambao daktari amemaliza dawa zake juu yao. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwaosha, kuwageuza, kuwapunguzia maumivu na kuwasikiliza. Aliyeiongoza alikuwa Maman Nabintu, nesi mfupi, mwepesi, mwenye sauti iliyofika kwenye mapipa yangu bila kupanda. Wageni walipomuuliza kazi yake, alijibu, "Hapa hatuponyeshi mutu. Tunamusindikiza."

Mfuaji anamjua mgonjwa kupitia shuka kabla hajamwona sura. Nilijua nani amepata usiku mbaya, nani ameanza kula, nani ameacha. Hilo hakuna aliyenifundisha, na sikupenda kulijua. Lakini mwaka mmoja shuka za Nyumba ya Nyuma zilianza kuniletea habari nyingine: zilikuwa zinakuja zimelowa maji safi. Maji ya mvua. Bati zilikuwa zimeoza toka enzi za Wabelgiji. Maman Nabintu alipanga mabeseni chini ya matundu, na mvua ikapanga matundu mapya pembeni ya mabeseni. Nilianika mchana kilicholowa usiku, na usiku kililowa tena. Mimi na mvua tulikuwa tunapokezana zamu.

Mwezi wa nane ulipokuwa unaisha, daktari mkuu alikuja kutazama, akasimama, tone likamwangukia kwenye miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hospitali haina uwezo wa bati, na hawezi kuacha wagonjwa wapigwe na mvua kubwa ndani ya nyumba. Bati zisipopatikana kufika mwisho wa mwezi wa tisa, nyumba itafungwa na kila mtu arudi kwao.

Wengine walikuwa na kwao. Maman Nankafu wa kitanda namba tatu hakuwa na pa kurudi. Alikuwa mama wa kijiji cha Nyantende, maisha yake yote alipika kasiksi, pombe ya ndizi, na ulimi wake ulikuwa umechachuka pamoja na pombe. Ugonjwa ulikuwa tumboni. Ndugu aliyebaki ni mtoto wa dada yake, mwenye chumba kimoja na watoto sita, na nyasi za paa lake zilikuwa mbaya kuliko bati zetu. Kitanda chake tulikihamisha mara nne. Kila mara tundu jipya lilimfuata. Siku ile daktari alipotoka, nilikuwa naingiza shuka. Aliniita.

"Mugaruka, kufa nitakufa, ile haina shida, batu bote banakufa. Lakini sitaki kufa nikiwa nimelowa."

Kisha akaniuliza kwa nini nahema, na mimi nimetembea toka kwenye kamba tu.

Wazo la mlima lilikuwa la Maman Nabintu. Sista mmoja mzungu alikuwa amemsimulia kwamba kwao watu wanapanda mlima au wanatembea mbali, na majirani wanatoa mchango kwa ajili ya wagonjwa kufuatana na nani amefika. Bahati, dereva wa hospitali na rafiki yangu toka ujana, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hajaelewa. "Banalipa mutu juu ya kuchoka? Siye hapa tunachokaka bure."

Lakini wazo lilishika. Na kwa sababu noti za wakati ule zilikuwa zinaoza haraka kuliko bati zetu, Maman Nabintu hakuomba noti. Aliomba vitu. Masista waliahidi mbao. Seremala wa Bagira aliahidi mikono yake. Zilibaki bati zenyewe, sisi tunasema manjanja, thelathini kamili, na mtu aliyekuwa nazo alikuwa Tonton Shabani wa Kadutu.

Tonton Shabani alikuwa mfanyabiashara wa ukoo wa Uvira, wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Nilinunua kwake sabuni ya hospitali miaka kumi. Niseme vizuri: niliituma inunuliwe. Duka lake lilikuwa juu kabisa kwenye mteremko wa Kadutu, na mimi nilikuwa nasimama chini kando ya barabara, napunga mkono, mchukuzi anashuka na katoni. Siku ile Maman Nabintu alinilazimisha kupanda. Tonton Shabani aliponiona mlangoni, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe una miguu," akasema.

Maman Nabintu alimweleza. Alisikiliza kwa heshima, akimtazama yeye, akamtazama Bahati, kisha akatazama tumbo langu kwa muda mrefu zaidi.

"Sawa, mama. Wewe ukifika kilele cha Kahuzi, natoa bati tatu. Huyu dereva akifika, tatu. Na huyu bwana wangu wa kufua akifika, kwa miguu yake, bila kubebwa," hapo watu dukani walikuwa wamekwisha kuanza kucheka, "natoa zote zinazobaki."

Alicheka na yeye. Maman Nabintu hakucheka. Alitoa daftari lake la zamu, akaandika maneno yale yale, akamgeuzia atie sahihi. Alitia huku akicheka bado.

Tukiwa tunashuka nilisema kwamba sasa tuna bati sita hakika, na sita si haba. 

Nilipewa wiki mbili za mazoezi. Kila jioni nilipanda kilima kidogo nyuma ya kamba, mpaka kwenye mti wa kaburi la mbwa wa mzungu fulani, na kurudi. Maman Nankafu alikuwa akinitazama dirishani. Alifanya kazi ya jaji. Jioni moja aliniambia, "Jana ulipumzika mara saba, leo tano. Ukiendelea hivi, Krismasi utakuwa mwanaume." Siku ya mvua nilitaka kuacha mazoezi, akatuma nesi aje kuuliza kama nimekufa kabla yake.

Kulikuwa na shida moja tena. Tulichagua Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kusafisha mtaa ambayo hakuna aliyeikosa bila sababu. Ilibidi twende kwa shefu wa karetie, mkuu wa mtaa wetu, kuomba ruhusa. Shefu alifikiri, akapiga muhuri, akaweka masharti mawili. La kwanza: tufanye salongo huko huko mlimani, tubebe kupekupe, yaani panga la kufyekea. La pili alilisema akinitazama mimi: "Sitwayen Mugaruka, karatasi hii iko na muhuri wa Serikali. Musiende kule kama wezi wa mahindi. Mutu avae vizuri."

Ndugu zangu, mtu akiniambia mimi mambo ya kuvaa vizuri, ananiambia mambo ya amido. Ijumaa nilikusanya nguo zetu za mlimani: suruali yangu na ya Bahati, mashati mawili, bulauzi na kikwembe cha Maman Nabintu. Nilipika amido nzito kuliko ya siku zote. Nilichovya mara mbili. Nilipiga pasi hadi mistari ya suruali ingeweza kukata mkate. Bahati alipoivaa asubuhi alisema hawezi kukaa kwenye usukani. Aliendesha kamionete, gari dogo la mizigo la hospitali, akiwa nusu amesimama hadi Miti.

Kwenye lango la paki, ile hifadhi ya wanyama, tulipokelewa na kiongozi, mzee mfupi wa msituni aliyevaa buti moja nyeusi na moja ya kahawia. Alitutazama kwa adabu. Akauliza kama tunakwenda harusi.

Saa ya kwanza nilijisifu. Njia ilikuwa na kivuli, hewa ya baridi, na mimi nilipumzika mara mbili tu. Lakini suruali zetu zilikuwa zinalia. Kila hatua: kwa, kwa, kwa, kama mbao mbili zinapigana. Kiongozi alisimama, akasema amefanya kazi hii miaka mingi, amewaongoza wazungu wenye kikohozi na wazungu wenye watoto, lakini leo ndiyo mara ya kwanza hajasikia hata ndege mmoja. Wanyama wote wamehama kwa sababu ya pantalo.

Tulipoingia kwenye mianzi, mvua ilianza. Si kubwa, ile nyembamba inayokaa. Hapo nikakumbuka jambo ambalo mfuaji yeyote analijua, na mimi nimewafundisha wengi: amido ni uji. Ukiikausha ni ukuta, ukiilowesha inarudi uji. Ilianza kushuka miguuni, inanata. Majani ya mianzi yaliyoanguka yakaja kukaa juu yetu, moja moja, kisha kwa familia. Ndevu za majani zinazoning'inia kwenye miti zikatushika mabegani. Baada ya nusu saa Bahati alikuwa kichaka chenye macho. Alinitazama, akatazama mikono yake, akasema kwa upole mkubwa, "Mugaruka, ulitupika."

Maman Nabintu alicheka mpaka akashika mti. Mti nao ukamshika, tulimtoa wawili.

Tulipotoka juu ya mianzi, pale miti inapokuwa mifupi na njia inakuwa mawe, mvua iliacha na upepo ukaanza. Upepo wa Kahuzi ni baridi na mkavu. Na amido ikikutana na upepo inakauka, lakini sasa ilikauka vile ilivyokuwa, na suruali yangu ilikuwa imekunjika magotini. Nilitaka kunyoosha mguu, suruali ikakataa. Nilitaka kuukunja zaidi, ikakataa vilevile. Nilikuwa natembea kama bata aliyepewa kazi ya uaskari. Hayo yangechekesha tu. Lakini kwa ndani, ile mikunjo migumu ilikuwa inasaga mapaja kama jiwe la kusagia mtama, na nilipopeleka mkono nikaona damu. Nikaketi juu ya jiwe.

Niliwaambia waendelee. Nilisema kwa utaratibu, kama mtu anayesoma wasia: Nabintu tatu, Bahati tatu, bati sita zitafunika vitanda viwili, cha Maman Nankafu kiwe cha kwanza. Mimi nitawangoja hapa. Mahali pazuri, kuna jiwe. Bahati alianza kutania, akaona damu, akaacha utani katikati. Kwa miaka yote niliyomjua, ilikuwa mara ya kwanza.

Maman Nabintu aliweka mfuko wake chini.

"Vua pantalo."

"Maman, mimi mutu muzima."

"Nimekwisha ona matako ya Bukavu yote. Ya kwako haitaniongezea akili. Vua."

Nilivua. Kiongozi aligeuka kutazama mawingu, Mungu amlipe. Maman Nabintu alinisafisha kwa maji ya chupa, akanipaka vazelini kama anavyowapaka wagonjwa wake, haraka na bila maneno. Tulikuwa tumebeba shuka moja ya Nyumba ya Nyuma, tuitandaze kileleni iwe kama bendera yetu. Akaitoa, akanifunga kiunoni, akakaza fundo.

Nikamwambia siwezi bado. Si miguu tu, pumzi zimeisha. Hakunibembeleza. Alichuchumaa mbele yangu, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

"Usiku wa kuamkia jana mvua ilinyesha. Shuka ya Maman Nankafu nilibadilisha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Nani alikuambia?"

"Nilizifua."

"Basi simama."

Nilisimama. Sitawadanganya kwamba nguvu zilitoka mbinguni. Zilitoka kwenye kuona haya, na nguvu za namna hiyo zinatosha saa moja. Nilipanda nimeshika shuka kwa mkono mmoja na mizizi kwa mwingine. Bahati alikuwa nyuma yangu, akitaka kunisukuma, kisha anakumbuka lile neno la "bila kubebwa", anaondoa mikono kama amegusa pasi. Mara mbili nilianguka kwa magoti. Mara moja shuka ilianguka bila mimi. Nilipumzika, nadhani, mara arobaini. Jaji wangu hakuwepo kuhesabu, na hilo ndilo jambo zuri pekee la sehemu ile.

Kisha kiongozi akasimama, akasema tumefika. Ukungu ulikuwa mzito, hatuoni hata viatu. Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema ndiyo. Nilimuuliza tena. Alisema kama sitaki kuamini, nipande zaidi, nimwonyeshe nitakavyofanya. Nikaamini. Tulingoja robo saa tukitetemeka, ukungu ukafunguka upande mmoja kama mtu anayesogeza pazia, na kule chini kabisa tukaona ziwa, na vijisehemu vya Bukavu vimeingia majini kama vidole. Bahati alidai anaona hospitali. Hakuona kitu.

Halafu, kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri wa Serikali, tulifanya salongo. Bahati alipiga kupekupe mara tatu kwenye nyasi za kilele, akatangaza kazi imekwisha, tukashuka.

Langoni kiongozi alifungua kitabu cha paki, ambamo huandikwa kila anayepanda, akaandika taratibu kwa herufi kubwa. Maman Nabintu alimwomba anakili maneno yale yale kwenye daftari lake la zamu, atie sahihi. Sikuyasoma. Nilikuwa nimelala ndani ya kamionete.

Jumatatu tulikwenda Kadutu. Nilipanda ule mteremko bila kupumzika, si kwa sababu nimekuwa hodari, ila mapaja yalikuwa yanauma zaidi nikisimama. Habari ilikuwa imekwisha kupanda kabla yetu, na duka lilikuwa limejaa watu wanaotaka kuona namna gani Tonton Shabani atatoka. Alikuwa amejitayarisha. Alisema kwa upole kwamba yeye hawatuhumu watu wa hospitali, lakini mlima uko mbali, ukungu ni mwingi, viongozi wa paki ni watu wa huruma. Nani anaweza kusema kweli kwamba mtu huyu, na akanionyesha kwa kidevu, alifika?

Maman Nabintu alifungua daftari. Tonton Shabani alivaa miwani, akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili chake kile kisafi, watu wote wasikie:

"Sitwayen Mugaruka amefika kilele kwa miguu yake. Hakuwa na pantalo. Alivaa shuka."

Hakuna mtu aliyecheka mara moja. Walikuwa wananitazama kwanza. Mimi nilitazama katoni za sabuni. Niliwaza, ndiyo basi, bati zimekwenda na heshima imekwenda, kwa siku moja.

Tonton Shabani alisoma tena, safari hii kimya. Akavua miwani.

"Mtu anayetaka kudanganya," akasema, "hadanganyi hivi."

Akageuka kwa wachukuzi wake, akawaambia washushe bati thelathini. Maman Nabintu, aliye mkweli hadi kuudhi, alimkumbusha kwamba hapo hajaongeza kitu, ni zile zile thelathini za mapatano. Alijibu kwamba anajua hesabu, na ziongezewe misumari, na bwana wa kufua apewe chupa ya vazelini kwa jina la duka. Hapo ndipo walipocheka, na sijui kama wamekwisha kuacha. Kadutu yote iliniita Papa Shuka mpaka jana.

Paa lilipigwa Jumamosi mbili zilizofuata. Shefu wa karetie aliileta salongo nzima kubeba mbao, akasimama katikati akitoa amri ambazo seremala wa Bagira hakuzisikia. Wagonjwa tuliwatoa nje na vitanda vyao, tukawapanga kando ya kamba zangu, na shuka ziliwafanyia kivuli. Maman Nankafu alitaka nimwambie yote toka mwanzo, hasa pale nilipovua. Nilimwambia mara tatu. Mara ya tatu alinisahihisha.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, saa tisa ya mchana, ile ya Bukavu inayoanza bila hodi. Nilikimbia kuokoa nguo, nikaingia nazo Nyumba ya Nyuma. Kelele juu ya bati mpya zilikuwa kama malori yanamwaga kokoto. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Mgonjwa wa kitanda namba moja alikuwa analalamika kwa ishara. Maman Nabintu alizunguka akitazama juu, ukutani, chini ya vitanda, amebeba beseni tupu kwa mazoea.

Maman Nankafu alikuwa amenyoosha mkono nje ya blanketi, kiganja juu, kama anavyofanya mtu anayetaka kujua kama mvua imeanza. Aliuacha hapo muda mrefu. Kisha aliurudisha ndani ya blanketi, akaniita nisogeze sikio.

"Mugaruka," akapiga kelele, "kesho hauna kazi."

Alikaa nasi wiki saba tena. Alikula kidogo, alitukana vizuri, alimfundisha Maman Nabintu namna ya kuivisha ndizi za kasiksi kwa maneno tu, bila ndizi. Mvua za mwezi wa kumi na za mwanzo wa mwezi wa kumi na moja zilipita juu yake zote. Aliondoka alfajiri moja mvua ikinyesha, Maman Nabintu amemshika mkono.

Shuka yake ililetwa kwangu saa moja asubuhi, imekunjwa juu ya kapu. Niliichukua, nikaikung'uta, nikaishika kwa mikono miwili toka pembe hadi pembe. Ilikuwa kavu. Niliifua vilevile.